Mfuko wa Kumi na Moja

Siku Musembi Nzioka alipozikwa kule Ngoliba, karatasi ya mazishi ilimweleza vizuri. Ilisema alizaliwa kifungua mimba, akasoma kwa bidii, akaingia chuo kikuu pale Juja, akafanya kazi ya serikali miaka kumi na tisa kama mtaalamu wa sera za usalama wa uchumi, akamuoa Wanja, wakajaliwa watoto wawili, na akampokea Bwana akiwa kidato cha pili. Yote ni kweli. Lakini kuna habari moja ambayo haikutoshea kwenye karatasi ile, na asiyeijua hawezi kusema alimjua Musembi. Ni habari ya gorogoro.

Mama yake, Kalondu, aliuza nafaka katika soko moja la Thika kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitoka Ngoliba alfajiri na magunia yake, akapanga meza yake safu ya tatu: mahindi upande huu, maharagwe upande ule, ndengu katikati. Na kama wenzake wote, alipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili uliokuwa na mafuta ya kupikia, ambao tangu zamani ndio mizani ya sokoni. Jirani yake wa meza alikuwa Waruguru, mama Mkikuyu mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi stendi. Wawili hao walilea watoto pamoja chini ya meza zile, mmoja akienda choo mwenzake anamuuzia.

Sasa, kitako cha gorogoro kina siri. Ukikigonga kwa jiwe kinaingia ndani kama tumbo la mwenye njaa. Kwa juu mkebe ni uleule, mteja anauona umejaa na kilima chake, anaridhika. Kwa chini amepunjwa konzi mbili au tatu. Bei haijapanda, ila kitako kimepanda.

Siku za Jumamosi Musembi alikuwa akikaa na mama yake sokoni, na jambo hilo ndilo la kwanza alilofunzwa kuhusu uchumi, kabla hajalijua hata neno lenyewe.

"Usimwangalie mtu usoni ujue kama kuna njaa," Kalondu alimwambia. "Uso unaweza kupakwa mafuta. Ingiza vidole chini ya gorogoro. Mwaka wa mvua utakuta bapa. Mvua ikichelewa, utakuta shimo."

"Na yetu, mwaitu?" aliuliza. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

"Yetu haijawahi kugongwa, na haitagongwa. Mungu anaona hata chini ya mkebe."

Waruguru alicheka aliposikia hivyo. "Hiyo si gorogoro ya soko," akasema. "Hiyo ni gorogoro ya kanisa!"

Jina likashika. Hata wateja wakawa wanauliza, gorogoro ya kanisa iko wapi leo. Kalondu alijifanya kukasirika, lakini ukweli ni kwamba alilipenda jina lile kuliko kiti cha mwenyekiti wa akina mama alichopewa na kanisa lenyewe.

Musembi alikua na tabia hiyo. Akifika kwa muuzaji yeyote, kabla hata ya habari yako, vidole vyake vilikuwa vimeshapita chini ya mkebe. Wanja, mke wake, alisema siku alipompeleka kwao mara ya kwanza, Musembi aliushika hata mkebe wa sukari wa mama mkwe kwa namna hiyo, na mama mkwe akadhani anatafuta vumbi.

Alipomaliza chuo aliajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuangalia vitu ambavyo vikikosekana nchi inatikisika: mahindi, mafuta, mbolea, dawa, na njia za kuvifikisha. Aliandika karatasi fupi, kurasa nne au tano, akizieleza kwa wakubwa ambao nao waliwaeleza wakubwa zaidi. Aliomba kabla ya kufungua faili kama vile watu wengine wanavyoomba kabla ya kula. Hakuwa na bunduki wala sare, lakini huko Ngoliba neno usalama lilitosha. Watu walimwogopa kidogo na kumtuma sana.

Mzee mmoja jirani, Mbaluka, aliibiwa ng'ombe, akamngojea Musembi langoni kuanzia asubuhi.

"Wewe si ni wa usalama? Haya, niambie ng'ombe wangu amelala wapi."

"Mzee, mimi si wa usalama wa ng'ombe."

"Wa nini basi? Usalama gani usio na bunduki?"

"Wa sufuria, mzee. Sufuria za watu zikikaa tupu siku tatu, hata mwenye bunduki halali."

Mzee Mbaluka alifikiria maneno hayo, kisha akasema, "Sawa. Lakini ng'ombe naye aliingia kwenye sufuria ya mtu. Mfuatilie huko."

Musembi alipenda kuirudia hadithi hiyo ofisini. Alisema mzee yule alikuwa ameielewa kazi yake kuliko watu wengi wenye digrii.

Ukaja mwaka ambao mvua ya masika haikufika, na ya vuli ikaja siku tisa tu ikaondoka. Huko Ngoliba mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Ofisini, mkuu wake, Bwana Zacharia, mtu mpole aliyependa michoro, alitundika ukutani mstari wa bei za mahindi. Mstari ulikuwa umenyooka kama reli.

"Musembi, unataka tuogope nini?" akasema. "Hapa Thika. Bei ya gorogoro mwezi wa tatu, hii. Bei ya gorogoro leo, hii. Ni ileile. Soko limetulia."

"Bwana Zacharia, gorogoro yenyewe ni ileile?"

"Gorogoro ni gorogoro."

"Nipe mpaka Jumatatu."

Jumamosi hiyo Musembi alitoka nyumbani kwake Membley, kule Ruiru, akaenda soko la mama yake. Alivaa kofia na shati kuukuu. Alinunua mahindi gorogoro moja kutoka meza kumi, kila moja akaimimina kwenye mfuko wake wa karatasi, akaandika juu yake safu na meza. Waruguru alimtambua, akampigia kelele, "Wee kijana wa Kalondu! Serikali imekosa kukulisha mpaka unanunua kwa kila mtu?" Musembi akacheka, akanunua na kwake pia, ukawa mfuko wa saba.

Mwisho alipita kwa mama yake. Alitaka mfuko mmoja wa kipimo kamili, wa kulinganishia ile mingine. Kalondu alijaza mkebe, akaweka kilima, akamimina haraka. Musembi hakupitisha vidole chini. Kwa mama yake hakuwa na haja.

Nyumbani Wanja alikuwa na mizani ndogo ya kupimia unga wa keki. Musembi aliiweka kwenye meza ya jikoni, akapanga mifuko kumi na mmoja. Wa kwanza, kilo moja na robo tatu. Wa pili, pungufu ya hapo. Wa tatu, hivyohivyo. Hakuna hata mmoja uliofika kilo mbili. Alikuwa akiandika na kutikisa kichwa, kwa sababu alikuwa ameshinda. Bei ilikuwa imesimama, lakini chakula chenyewe kilikuwa kimepungua, na mtu yeyote mwenye akili angeona njaa ilikuwa mlangoni.

Kisha akaweka mfuko wa mama yake. Kilo moja na gramu mia nane na tisini.

Akauondoa, akaipiga mizani kidogo, akaurudisha. Gramu ni zilezile.

Wanja alikuwa akikatakata sukumawiki. Aliona mume wake ameacha kuandika.

"Nini?"

"Ya mama."

"Imefanya nini?"

"Imegongwa."

Wanja aliweka kisu chini, akaja kuangalia. Alimpenda mama mkwe wake, na alijua jina la ile gorogoro kama watu wote. Akasema polepole, "Basi andika kumi na moja."

"Ule wa mama haukuwa wa hesabu. Ulikuwa wa kulinganisha tu."

"Musembi."

"Mifuko kumi inatosha kuonyesha hoja. Wa kumi na moja haubadilishi kitu."

"Kama haubadilishi kitu, andika. Si wewe husema karatasi isiyo na ukweli ni ya kufungia maandazi?"

Aliandika kumi. Mahindi ya mfuko wa kumi na moja Wanja aliyatia kwenye ndoo ya jikoni, na mfuko wenyewe, wenye maandishi "safu ya tatu, Mama," Musembi aliukunja akautia kwenye droo.

Jumatatu alibeba mifuko yake kumi hadi kwenye meza ya mkutano, ile meza ndefu inayong'aa, akaipanga mbele ya Bwana Zacharia na wakubwa wengine wawili. Aliwaambia wapime wenyewe. Mmoja wao alikunja mikono ya shati, akapima yote kumi, kisha akasema, "Kumbe tumekuwa tukisoma bei ya mkebe, si ya mahindi."

Karatasi ya Musembi ilipanda ngazi siku hiyohiyo. Maghala yakafunguliwa mapema, kabla njaa haijawa habari ya redio. Mahindi yakafika Ngoliba, na huko mbele zaidi ambako hali ilikuwa mbaya kuliko Ngoliba, na kuna watoto wanaokimbia leo kwa sababu ya kurasa zile tano. Hilo lisisahauliwe. Mungu alimtumia.

Lakini Musembi alikuwa na mtindo wa kazi aliojivunia. Hakuandika kamwe "vyanzo vyetu vinasema." Aliambatanisha kila kitu: siku, saa, soko, safu, meza. Alisema mpishi asiyeonyesha jiko ana jambo analoficha. Na karatasi ikishatoka mkononi mwako haina kamba ya kuirudisha. Hii ilipita ofisi moja, ikapita nyingine, hadi kiambatisho kile kikaangukia kwa watu wa vipimo, wanaokagua mizani za wauzaji. Wao hawakusoma njaa. Walisoma orodha ya wakosaji kumi, na anwani zao.

Walikuja sokoni Jumanne asubuhi, wiki mbili kabla ya mahindi ya serikali kufika. Walikuwa na karatasi. Hawakuhangaika na soko zima, walikwenda meza baada ya meza kama watu waliotumwa. Mikebe kumi ilichukuliwa, ikakatwa kwa mkasi wa bati mbele ya wateja. Akina mama kumi walipandishwa gari, Waruguru akiwa wa saba, akipiga kelele, "Woi! Na hawa wengine? Mnatuchagua kama nyanya?"

Meza ya Kalondu waliipita. Mmoja wa maafisa alisimama hapo, akaangalia karatasi yake, akaendelea mbele. Kalondu alikuwa amesimama na mkebe wake mkononi, kiganja kikiwa chini yake, kikifunika kitako.

Jioni akina mama waliachiliwa na onyo. Waruguru alirudi kuchukua magunia yake. Alikuwa amesikia kituoni kwamba orodha ilitoka mjini, kwa "kijana aliyenunua mahindi Jumamosi." Alisimama mbele ya rafiki yake wa miaka thelathini.

"Mwanao alinunua kwangu. Nikamwekea na nyongeza, Kalondu. Nyongeza!"

Kalondu aliuficha mkebe wake chini ya meza.

"Lakini wewe huna wasiwasi," Waruguru akasema. "Yako ni ya kanisa."

Kesho yake Kalondu hakuja sokoni. Wala kesho kutwa. Aliipeleka gorogoro nyumbani, akaiweka juu ya kabati, na Jumapili akamwambia mchungaji atafute mwenyekiti mwingine wa akina mama. Alipoulizwa sababu alisema miguu.

Musembi aliposikia yaliyotokea alikwenda Ngoliba siku hiyohiyo. Alitegemea kilio. Alikuta mama yake ameketi nje, akitenga mahindi mabovu na mazuri kwenye ungo. Dada yake Wavinya, aliyekuwa akiishi na mama, alileta kiti. Hawakusalimiana sana.

"Ulipima yangu?" Kalondu akauliza.

"Nilipima, mwaitu."

"Ikawaje?"

"Ilipungua."

"Nilijua. Niliigonga mwezi wa nane. Mabroka walileta mahindi ghali, na wateja wakiona umepandisha bei wanaondoka. Nilijiambia naigonga mara moja tu. Mara moja ikatosha." Alichagua punje moja, akaitupa kwa kuku. "Ukaniacha nje ya karatasi."

"Nilikuacha."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mama yangu."

"Na Waruguru ni mama wa nani?"

Musembi aliinama akaokota punje iliyoanguka kando ya ungo.

"Ungeandika wote, ningepanda gari na wenzangu," Kalondu akasema. "Ningeona aibu siku moja, ningetubu, ingekwisha. Ungetuficha wote, tungelijibu kwa Mungu. Lakini umewaandika wao ukanificha mimi, na sasa nimekuwa mwongo mara mbili, mara moja kwa mkono wangu na mara moja kwa wako. Nenda ukaseme."

"Mwaitu, ni karatasi ya ofisi. Nikiisema sokoni naweza kupoteza kazi."

"Basi kunywa chai uende."

Alikunywa chai, na alipoinuka aliona Wavinya akipakua muthokoi jikoni, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, yamepikwa na maharagwe, chakula alichokulia. Hakuna aliyemwambia akae.

Ikawa hivyo miezi saba. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alikwenda na Wanja na watoto. Wanja alipewa muthokoi, watoto walipewa hadi wakashindwa kutembea. Yeye alipewa chai na mkate kwenye sinia yenye kitambaa, kama mgeni wa serikali. Wavinya, aliyekuwa na mdomo, alimchokoza: "Mheshimiwa, sukari ngapi?" Watu wote wakacheka isipokuwa wawili.

Huko ofisini mambo yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomtesa. Alialikwa kueleza ile mifuko kumi kwenye mikutano. Aliisimulia vizuri, watu wakapiga makofi, na kila aliposema "kumi" alihisi mfuko uliokunjwa kule kwenye droo. Nafasi ya mkuu wa idara ilikuwa inakuja kuwa wazi, na Bwana Zacharia alikuwa ameshamwambia asafishe suti. Asubuhi alipiga magoti kama kawaida, na Wanja alianza kugundua kwamba anainuka upesi kuliko zamani.

Jumapili moja, kanisani kwao Membley, mchungaji alifundisha juu ya vipimo vya haki. Hakuwa akimlenga mtu, alifuata tu ratiba yake ya mwaka. Musembi alitazama mbele mpaka mwisho. Walipofika nyumbani alikwenda kwenye droo, akautoa ule mfuko, akauweka ndani ya begi la kazini.

"Unaupeleka wapi?" Wanja akauliza.

"Ofisini kwanza."

"Halafu?"

"Halafu kwa mama zangu."

Kesho yake alimpa Bwana Zacharia karatasi mpya, ukurasa mmoja na nusu. Ilisema mifuko ilikuwa kumi na mmoja, si kumi. Kwamba mmoja uliachwa kwa sababu ya undugu, na kosa hilo ni la mwandishi peke yake. Ilisema pia kwamba kitako cha gorogoro ni king'ora cha njaa kinachofaa kusikilizwa mapema, lakini ukimkamata anayekipiga, mwaka ujao hutasikia kitu. Kwa hiyo majina na meza za wauzaji zisiambatanishwe tena kwenye karatasi yoyote ya idara.

Bwana Zacharia alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Miezi saba, Musembi."

"Ndiyo."

"Haikubadilisha hoja. Mifuko kumi ilitosha."

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu."

"Ukinipa hii lazima niipeleke juu. Na ile nafasi..."

"Najua. Ipeleke. Na Jumamosi nakwenda sokoni kuwaomba msamaha."

"Na huko sokoni siwezi kukuruhusu kuzungumza mambo ya ofisi."

"Sitazungumza ya ofisi," Musembi akasema. "Nitazungumza ya mama yangu, na yangu."

Jumamosi alikwenda Thika. Mvua ilikuwa imerudi mwaka huo, magunia yalikuwa yamejaa, na soko lilikuwa na kelele ya shibe. Alisimama mbele ya meza ya Waruguru bila kofia. Meza ya pembeni, ya mama yake, ilikuwa imefunikwa turubai miezi ile yote. Waruguru hakuwa amekubali mtu mwingine aichukue, ingawa hakusema kwa nini.

"Umekuja kununua?" Waruguru akasema kwa sauti ya juu ili safu nzima isikie. "Akina mama, ficheni mikebe! Serikali imeamka!"

"Nimekuja kusema kitu, mama."

"Sema. Tuandike chini?"

Vicheko. Akina mama wakasogea, wengine wakiwa na mikono kiunoni. Musembi alitoa ule mfuko mtupu, akaufungua, akauweka juu ya mahindi ili maandishi yaonekane. Akasema, "Siku ile nilinunua kwa watu kumi na mmoja. Wa kumi na moja ni mama yangu. Yake pia ilipungua. Niliandika zenu, yake nikaificha. Yeye hakuniomba. Hakujua. Amekaa nyumbani miezi saba kwa aibu ya jambo nililofanya mimi. Nimekuja kuomba msamaha. Kwa kuwaandika bila kuwalinda, na kwa kumlinda yeye peke yake."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe ya kanisa nayo!" na mwingine akamnyamazisha.

Waruguru alichukua mfuko, akausoma, akaukunja. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa ya vita.

"Thika nzima inanijua mimi ni mwizi wa konzi mbili. Unadhani maneno yatanitosha?"

"Hapana, mama."

Aliinama chini ya meza, akatoa jiwe la mviringo, lile la kugongea. Kisha akachukua gorogoro yake mpya, ambayo kitako chake nacho kilikuwa kimeshaanza kupanda, maana mazoea ni mazoea. Akaigeuza, akampa vyote viwili.

"Wewe ni mtaalamu. Irudishe."

Musembi alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Jumamosi, akaingiza jiwe ndani ya mkebe, akagonga kitako kutoka ndani mpaka kikawa bapa. Mara ya tatu alijigonga kidole gumba, na akina mama wakashangilia, "Mikono ya ofisi!" Alipomaliza ya Waruguru, mwingine akamletea yake. Kisha mwingine. Aligonga mpaka saa saba mchana, kidole kikiwa kimevimba kama ndizi, huku wakimwagiza kama fundi: hapa bado, hapa umezidisha, hii utanitobolea.

Waruguru alipanda gari pamoja naye kwenda Ngoliba. Walifika Kalondu akianika ndengu. Hakuna aliyeeleza kitu. Waruguru alikwenda moja kwa moja ndani ya nyumba kama mwenye nyumba, akaishusha ile gorogoro kutoka juu ya kabati, akaitia kwenye mapaja ya Musembi pamoja na jiwe.

"Imebaki hii," akasema.

Kalondu alitazama kidole cha mwanawe, akatazama jiwe. Musembi alipokuwa akigonga, yeye aliingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kupakua chakula. Alipotoka alikuwa na sahani ya muthokoi iliyojaa, na juu yake kilima. Hakumpa Waruguru kwanza, ingawa ndiye mgeni. Waruguru akalalamika kwa utani, "Aai, mimi nimekuja na mguu gani?" Kalondu akasema, "Wewe subiri, wewe ni wa nyumbani." Musembi alikula, akainamisha uso juu ya sahani, na alipomaliza alipitisha vidole chini ya gorogoro iliyokuwa miguuni pake, kwa mazoea tu.

Ukuu wa idara alipewa mtu mwingine. Musembi aliendelea na meza yake ileile miaka minne zaidi, na wale waliofanya naye kazi wanasema aliandika vizuri kuliko awali, ingawa aliitwa kwenye mikutano michache. Kalondu alirudi safu ya tatu. Jina la gorogoro ya kanisa lilirudi pia, lakini sasa lilitamkwa kwa kucheka, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka.

Mwaka huu figo zikamwangusha Musembi. Aliugua wiki tano, na katika wiki hizo hakuacha kuuliza mvua imefika wapi. Alilala Ijumaa mchana, Wanja na Kalondu wakiwa kando ya kitanda, mmoja kila upande. Kumzika mwana si jambo la kuandika. Mungu anajua alichofanya, nasi tutakielewa tukifika.

Asubuhi ya kuzikwa, magari yalipotoka mochari ya Thika, Waruguru aliomba yapite kando ya soko. Yalipita polepole. Hakuna aliyekuwa anauza. Safu nzima ya tatu, akina mama walikuwa wamesimama nyuma ya meza zao na leso zao nyeusi, na juu ya kila meza gorogoro ilikuwa imefunikwa, mdomo chini, kitako juu, ili yeyote apitaye aone. Vitako vilikuwa bapa, vyote, isipokuwa kimoja huko mwisho.

Kalondu alikuwa kwenye gari la mbele, dirisha wazi. Alikiona. Alimgusa Waruguru aliyeketi kando yake, akamwonyesha kwa kidevu.

Waruguru alifuta macho. "Huyo nitampelekea jiwe Jumatatu," akasema.